Maneno Waliyoyaleta Kutoka Nyumbani

Walimu wenzangu, hapana lawama inayosikika mara nyingi zaidi katika vyumba vyetu vya walimu kuliko hii, ya kwamba vijana wa leo hawana habari na walikotoka. Husemwa kuwa hawajui majina ya babu zao, hawajui makaburi ya ukoo yako wapi, na wakiulizwa habari za kijiji chao hutazama chini ama hucheka. Lawama hiyo hutolewa kwa uchungu wa kweli, wala mimi simo miongoni mwa wanaoidharau. Lakini nimefundisha Kiswahili katika wilaya ya Luwero, nchini Uganda, kwa muda wa kutosha kuuona upande wa pili wa jambo lenyewe. Kijana huyu anayelaumiwa kwa kutojua, ni nani aliyepata kumpa kazi ya kuuliza?

Tutazame tunachowapa. Mara moja kwa mwaka shule huwa na siku ya utamaduni. Ngoma hupigwa, wasichana hufungwa vibwebwe, wavulana huvikwa nguo za magome ya mti wa mutuba, wageni hupiga makofi, na jioni vifaa vyote hurudishwa ghalani vikasubiri mwaka mwingine. Shule yenye uwezo wa kukodi basi huwapeleka wanafunzi kwenye Jumba la Makumbusho la Uganda kule Kampala, lililoanzishwa mwaka 1908. Ni mahali pema sana, nami nimekwenda nao zaidi ya mara moja. Hata hivyo, wanafunzi mia wanaopitishwa mbele ya vioo kwa saa mbili hurudi wakiwa wamejifunza kwamba urithi ni kitu kilichofungiwa kabatini na chenye kibandiko cha maelezo.

Na sisi walimu wa Kiswahili tumeongeza jambo letu. Vitabu tunavyovitumia, vingi vikiwa vimetungwa Kenya na Tanzania, vikifika kwenye sura ya utamaduni huleta minazi, mashua, milango ya nakshi ya Lamu na harusi za Unguja. Sina ugomvi na Lamu. Lakini mtoto wa Luwero, aliyezaliwa mamia ya kilomita kutoka baharini, akisoma hayo huamua moyoni kwamba Kiswahili kina wenyewe, nao wako mbali. Kwamba yeye ni mgeni aliyeingizwa ukumbini kutazama harusi ya watu. Akitoka katika somo langu akaingia katika somo la historia, huambiwa habari za wafalme wa Buganda. Hakuna anayemwambia kwamba habari hizo mbili zilikwisha kukutana zamani, tena zilikutana jikoni mwa bibi yake.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza kutumika Uganda mwaka 2020, umekiweka Kiswahili kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, ijapokuwa walimu hawatoshi. Mtaala huo unadai pia wanafunzi wafanye kazi za mradi. Neno hili “mradi” limewatia hofu walimu wengi, kwa kuwa wengi hudhani mradi hauwezi kufanyika pasipo fedha. Mimi nililipokea kwa furaha, kwa sababu lilinipa ruhusa ya kutoa kazi niliyokuwa nikiitamani siku nyingi. Kila mwanafunzi wa kidato cha pili alitakiwa kuleta neno moja la Kiswahili ambalo limo katika lugha ya nyumbani kwao, amtafute mzee mmoja wa kumweleza kitu kinachotajwa na neno hilo kiliingiaje katika nyumba ile, na maelezo hayo ayaandike katika ukurasa mmoja: kwanza kwa lugha ya mzee mwenyewe, kisha kwa Kiswahili. Gharama yake ilikuwa daftari moja la darasa zima.

Wiki ya kwanza walileta yale niliyoyatazamia. Kiganda, lugha ya nyumbani kwa wengi wao, kimejaa maneno yaliyotoka pwani: “ekitabo”, “essaawa”, “ssabbuuni”, “emmeeza”, “eddirisa”, “omusumaali”, “ebbaluwa”, “ppamba”. Darasa lilishangaa jinsi orodha ilivyorefuka ubaoni. Mvulana mmoja alitaka kujua Waganda walikuwa wakisemaje kabla ya kuwa na neno la dirisha. Akaenda kumwuliza babu yake, akarudi na jibu kwamba nyumba za zamani za msonge hazikuwa na kitu hicho. Neno na tundu la ukutani viliingia pamoja. Mwingine alileta “eggaali”, ambalo kwa Kiganda ni baiskeli, wakati “eggaali y’omukka” ni treni, yaani gari la moshi. Babu yake mzaa baba alikuwa amesimuliwa na wazazi wake jinsi watu walivyokwenda kulitazama gari hilo lilipofika Kampala mwaka 1931. Hayo yote hayamo katika kitabu chochote cha darasani, wala mimi sikuyafundisha.

Ukurasa uliozua mabishano makubwa ulikuwa wa kanzu. Mwanafunzi aliyeuandika ni mjukuu wa fundi cherehani, na babu yake alimwambia bila kusita kwamba kanzu ililetwa na wafanyabiashara wa pwani. Darasa halikukubali. Iwapo kanzu ndiyo vazi la heshima la Mganda, vazi ambalo bwana arusi hawezi kwenda ukweni bila kulivaa, itakuwaje imetoka kwa wageni? Msichana mmoja akaongeza swali ambalo lilinipendeza sana: na gomesi je, vazi la mama zetu? Hilo nalo lina habari yake, kwa maana jina lake limetoka kwa fundi wa Kigoa aliyeitwa Gomes, mwanzoni mwa karne ya 20, na vazi lenyewe lina uhusiano na shule ya wasichana ya Gayaza. Niliwaacha wabishane hadi kengele ikalia. Nadhani walijifunza siku ile, bila kuambiwa na mtu, kwamba kitu huwa cha asili kwa kuvaliwa, kufuliwa, kurithiwa na kuzikiwa nacho, wala si kwa kuota kama uyoga katika ardhi yenyewe.

Kutoka kwenye kanzu haikuwa vigumu kuifuata njia iliyoileta. Mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika katika kasri ya Kabaka Suna II mnamo mwaka 1844, kwa njia ya misafara iliyopitia Tabora na Karagwe. Mutesa I, mwana wa Suna, alijifunza kusoma kwa herufi za Kiarabu na akakifahamu Kiswahili. Stanley alipofika kwake mwaka 1875 alikuwa na kijana aliyeitwa Dallington, aliyesomeshwa na wamisionari huko Unguja; kijana huyo alibaki kwa Kabaka akawa msomaji na mwandishi wake wa barua. Wamisionari walipowasili mwaka 1877 na mwaka 1879, vijana wa kasri walianza kusomeshwa kwa Kiswahili, kabla ya vitabu vya Kiganda kupigwa chapa. Kwa hiyo miongoni mwa wale vijana waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, ambao wanafunzi wangu huwaadhimisha kila mwaka, walikuwamo walioanza kusoma kwa lugha hii hii ambayo watoto hawa huiona ngeni.

Lakini msafara haukubeba vitabu tu. Nguo na bunduki zililipwa kwa pembe za ndovu, na zililipwa pia kwa watu. Waliouzwa, wengi wao wakiwa wanawake na watoto, walitekwa katika nchi jirani na majeshi ya Buganda yenyewe. Fundi cherehani alimwambia mjukuu wake jambo hilo pia, na mjukuu akaliandika: kwamba baadhi ya kanzu za kwanza zilinunuliwa kwa binadamu. Nilipousoma ukurasa ule nilimwuliza kama angependa kuliacha sentensi hiyo. Akaniuliza, “Mwalimu, tukiitoa, jaja ataniambia tena jambo gani?” Sentensi ikabaki.

Wiki ya tatu mambo yalibadilika. Wanafunzi walikwisha kumaliza sahani, sabuni na misumari, wakaanza kuleta maneno ya aina nyingine, maneno ambayo wazazi na babu zao walikuwa wameyaishi wenyewe. Mmoja alileta “mafutamingi”, jina walilopewa watu waliogawiwa maduka na viwanda vya Waasia waliofukuzwa mwaka 1972. Mwalimu wa sarufi ndani yangu aliinuka mara moja, kwani mafuta ni mengi, si mingi. Lakini hapana kalamu nyekundu inayoweza kuisahihisha historia, nikaliacha lilivyo. Mwingine alileta “magendo”, maana katika miaka ile sukari, chumvi na sabuni vilipatikana kwa njia hiyo au havikupatikana kabisa. Wengine walileta “bakombozi” na “saba saba”, la kwanza likiwa jina la askari waliokuja na jeshi la Tanzania mwaka 1979, na la pili likiwa jina la mizinga yao iliyosikika usiku. Nilitazama ubao nikaona kwamba habari za Uganda za miaka ishirini zilikuwa zimeandikwa pale, na zimeandikwa kwa Kiswahili, katika nchi ambayo watu husema hawakijui.

Neno lililonikalia moyoni zaidi katika wiki hiyo ni “omuserikale”. Ni neno letu serikali. Katika Kiganda serikali yenyewe huitwa kwa jina la Kiingereza lililogeuzwa matamshi, “gavumenti”. Neno la Kiswahili wamempa mtu mwenye sare na bunduki, askari au polisi. Sijui njia fupi kuliko hiyo ya kumweleza mwanafunzi jinsi utawala ulivyomfikia babu wa babu yake.

Katika wiki hiyo hiyo msichana mmoja, mwenye bidii kupita wote, alileta ukurasa mtupu. Anaishi na bibi yake mzaa mama. Alinieleza kwa unyenyekevu kwamba jaja yake hapendi Kiswahili kisemwe katika nyumba ile, na kwamba yeye huisoma kazi yangu ya nyumbani nje, chini ya mwembe. Nilimwambia anaweza kumwuliza mzee mwingine. Siku tatu baadaye alirudi na maneno mawili tu katikati ya ukurasa, bila maelezo: panda gari.

Msomaji asiye wa Uganda huenda akaona hapo amri ya kawaida ya kondakta wa basi. Kwetu sisi ni jina la msako. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 askari walikuwa wakizingira mtaa au soko, wakawaamrisha watu kwa maneno hayo mawili kupanda malori, wakawapeleka kambini kuchujwa. Na wako waliokwenda wasirudi. Luwero ilikuwa katikati ya vita vya mwaka 1981 hadi 1986. Vita vilipokwisha, mafuvu yalikusanywa mashambani yakapangwa kandokando ya barabara, na leo makaburi ya pamoja yenye minara ya ukumbusho yako sehemu mbalimbali za eneo hili. Wanafunzi wangu hupita karibu nayo wakienda shuleni. Nilikuwa nimeyasikia malalamiko mengi dhidi ya somo langu, kwamba ni gumu, kwamba halina kazi, kwamba ni lugha ya wanajeshi. Maneno yale mawili yalikuwa na uzito mwingine.

Katika chumba cha walimu shauri lilikuwa zito. Mwenzetu mmoja, mtu mwema ambaye namheshimu, alisema ukurasa ule usiingizwe katika daftari. Alitoa hoja mbili nzuri: kwamba tutakuwa tunachochea siasa, na kwamba itakuwa ajabu mwalimu wa Kiswahili kuwakumbusha watoto sababu ya kukichukia Kiswahili. Mwingine alisema jeraha lililofunga halichokonolewi. Nilikubali kwamba mwenye jeraha ndiye mwenye haki ya kulifunua. Sikukubali kwamba tunaweza kumtaka mtoto aupende urithi wa mahali alipo, kisha tumchagulie sehemu za kujua. Kijana hana uwezo wa kupima mambo yote, lakini ni hodari sana wa kutambua anapofichwa, na akishatambua hufunga masikio kwa yote, hata kwa yale mazuri.

Basi nikaomba ruhusa kwa bibi huyo, kupitia kwa mjukuu wake, nikaenda Jumamosi moja. Nilimwamkia kwa Kiganda, na mazungumzo yote yakawa kwa Kiganda. Nilimweleza kwamba sikuja kumshawishi aipende lugha yangu, na kwamba akitaka kunyamaza tutakunywa chai na kuzungumzia mahindi. Alinyamaza kwa muda. Kisha akaanza kusema, si na mimi, bali na mjukuu wake aliyekuwa amepiga magoti karibu na mlango na daftari mapajani. Alieleza asubuhi ile, mdogo wake wa kiume aliyekuwa amevaa shati la shule, na lori lililosimama penye mti ambao umekwisha kukatwa. Yeye alishushwa kwa sababu alikuwa na mtoto mgongoni. Mdogo wake hakushushwa. Alipofika hapo akasema inatosha, nasi hatukuuliza zaidi.

Baada ya chai aliongeza jambo ambalo sikulitazamia. Alisema wale waliotoka msituni baadaye, waliowafukuza wale wa kwanza, walikuwa nao wakisema Kiswahili kati yao. Na kabla ya wote hao, akiwa msichana, alikuwa akienda na mama yake kuuza ndizi sokoni, na huko Kiswahili kilikuwa lugha ya kupatana bei na mtu yeyote aliyetoka mbali. Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayetaka hesabu ikae sawa, wala hakuwa akikisifu Kiswahili.

Mjukuu aliandika kwa Kiganda, akaandika na tafsiri, akarudi kumsomea yote mawili, kama ilivyo desturi yetu. Nilikuwapo. Ukurasa wa Kiganda ulipita bila neno. Alipofika kwenye Kiswahili akasoma, “Siku ile tulipanda gari.” Bibi akainua mkono. Akasema, kwa Kiswahili, mara ya kwanza na ya mwisho niliyomsikia akikisema: “Hatukupanda. Tulipandishwa.”

Nimefundisha kauli ya kutendeshwa kwa miaka mingi. Nimeandika mifano ubaoni, lishwa, vishwa, ogeshwa, nami nimeona macho ya watoto yakisinzia. Jumatatu ile msichana alisimama mbele ya darasa, kwa idhini ya bibi yake, akaeleza tofauti ya kupanda na kupandishwa. Haikuhitaji mfano mwingine.

Katika darasa lile alikuwamo mvulana wa Kinubi anayetoka Bombo, mji ulio kusini kidogo mwa Luwero kwenye barabara ile ile ya Kampala. Wahenga wake walikuwa askari wa Emin Pasha kutoka Sudan, ambao Lugard aliwachukua mwaka 1891 kuwatumia katika ngome zake. Uzao wao ukakaa Bombo, na Bombo ikawa kambi ya jeshi la wakoloni. Wanubi wengi walihusishwa na utawala wa Amin, naye alipoanguka mwaka 1979 walikimbia, nyumba zao zikaporwa. Mvulana huyu hakuwa ameleta chochote mpaka siku ile. Alikuwa akikijua Kiswahili kuliko wote, na alikuwa akijificha nacho, akijibu kwa makosa ya makusudi ili asionekane. Wiki iliyofuata alileta ukurasa wa nyanya yake, msusi wa vikapu vya rangi ambavyo wanawake wa Kinubi wanasifika kwavyo. Neno lake lilikuwa “safari”. Nyanya yake aliondoka Bombo kwa miguu akiwa na watoto watatu, akavuka mpaka kuingia Sudan, na aliporudi baada ya miaka akakuta watu wengine wakiishi ndani ya nyumba yake.

Mjukuu wa yule aliyepandishwa gari na mjukuu wa yule aliyekimbia walikaa madawati mawili mbali. Singependa kusema kwamba walikumbatiana, kwa maana haikutokea. Kilichotokea ni kwamba msichana alimwuliza mvulana swali moja, nyanya yake alipika nini njiani, naye akajibu kwamba atakwenda kuuliza.

Sasa niseme kidogo juu ya utaratibu, kwa kuwa wenzangu wameniuliza. Ukurasa hauingizwi daftarini kabla ya kusomwa mbele ya mzee aliyesimulia, naye ana haki ya kufuta. Mzee hupewa nakala iliyoandikwa kwa hati nzuri. Nimeiona moja imebandikwa ukutani karibu na kalenda, na nyingine imehifadhiwa ndani ya Biblia. Jina la mwanafunzi huandikwa chini kama mwandishi. Jambo hilo dogo lina nguvu kuliko alama, kwa sababu kijana anayejua kwamba jina lake litabaki husikiliza kwa namna nyingine. Majina ya wazee hatuyaandiki pasipo kuombwa. Vitu havichukuliwi. Sina makumbusho shuleni, wala sitaki chungu cha mtu kije kuvunjikia katika kabati langu. Chungu kikae kwa mwenyewe, na mtoto ajue kilipo.

Wapo wanaosema kwamba kazi hii ni ya wanahistoria wenye shahada. Sir Apolo Kaggwa, Katikiro wa Buganda, hakuwa na shahada alipotoa kitabu chake juu ya wafalme wa Buganda mwaka 1901. Alikuwa na masikio, na alikuwa na wazee waliokuwa bado hai. Jambo la haraka ni hilo la pili. Kati ya wazee waliosimulia katika daftari la kwanza, wanne wamekwisha kufariki. Katika msiba wa mmojawao mjukuu aliombwa na jamaa asome ukurasa wake pale matangani, na watu wazima waliokuwapo walikiri kwamba hawakuwa wakiyajua yaliyomo.

Kuna jambo moja ambalo sisi walimu wa Kiswahili hatulisemi vya kutosha, nalo ni kwamba lugha hii ilikataliwa hapa kwa hoja, si kwa ujinga. Mwaka 1927 Gavana Gowers alipendekeza ipewe nafasi kubwa katika Uganda, na mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa aliandika kupinga, akiitetea lugha ya watu wake. Mwaka 1973 Idi Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2005 ikaingizwa katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Mara nyingi imekuja kwa amri. Nimeanza kuwaeleza wanafunzi wangu mfululizo huo mzima, hata hoja za Kabaka, na sijaona hata mmoja aliyeacha kusoma kwa sababu hiyo. Kinyume chake, hubishana vizuri zaidi, na wengine humtetea Kabaka kwa Kiswahili safi.

Muhula ujao tunaanza daftari la tatu, nami nina haja na wenzangu walio ng’ambo ya mipaka. Najua kwamba katika Kinyarwanda na Kirundi, askari ni “umusirikare”, mtoto wa neno lile lile lililotoa “omuserikale” wetu. Kwa hiyo jambo hili halikutokea Buganda peke yake. Ningependa walimu wa Kigali, wa Bujumbura na wa Bukavu wawatume wanafunzi wao kwa wazee, hasa wale wa mitaa ya zamani ya Waswahili kama Buyenzi, wakaulize neno hilo liliingia na nani, likimtaja mtu gani kwanza, na kabla yake aliitwaje. Ukurasa mmoja unatosha, kwa lugha ya mzee kwanza. Wangu watajibu kwa ukurasa wao, na wana maswali yao tayari. Mvulana wa Bombo anataka kujua kama huko nako kuna watu waliofika na jeshi wakakaa.